Foki ya Springi na Ndoo ya Mbaazi

Mombasa haina mlima, hilo tulikubali mapema. Mwinuko mkali kabisa ninaoujua kwa miguu yangu ni ule wa daraja la Nyali, na hata hapo hushuka nikaisukuma baiskeli huku simu iko sikioni, watu wadhani nimepigiwa. Sasa mtu wa kilo 94 kama mie, kitambi kimetangulia, foki ya baiskeli ya milimani, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, naitakia nini? Mke wangu aliniuliza hivyo hivyo. Jibu sikuwa nalo, basi siku ya kuinunua sikumwambia.

Ilikuwa ya mtumba, nyeusi, stika zimebanduka nusu. Foki ya springi, wala si ile ya upepo ambayo bei yake ni ya pikipiki ndogo. Inabonyea milimita 100. Juu kushoto ina kidude cha kuzungusha kukazia springi, kulia ina swichi ya kuifunga isicheze. Nikaipeleka kwa fundi wetu wa baiskeli, Mji wa Kale, na kosa langu la kwanza ni hilo, kwa sababu fundi huyo amepakana na baraza ya kahawa. Ukipeleka kitu kwake, umekipeleka bungeni.

Fundi akaipima mkononi. "Kilo mbili na nusu hii. Na ndani hamna mafuta ya kuipunguza kasi, springi tupu. Ukiibonyeza itarudi mbio kama mwenye nyumba tarehe moja."

Alipokwisha kuifunga kwenye baiskeli, kijana mmoja wa zile kaptura za kubana, ambaye kila Jumapili huenda Vipingo na kurudi, akachukua mpira wa kufungia noti akauviringisha kwenye bomba la foki, lile linalong'aa. "Ami, kalia baiskeli taratibu, usirukeruke. Haya, shuka." Ule mpira, akasema, unatakiwa usukumwe juu sentimita mbili, mbili na nusu hivi, robo ya mwendo wa foki. Wangu ulikuwa umefika sita. Kijana akautazama, akanitazama tumbo. "Hii imeshachoka na safari haijaanza."

"Si nikaze kidude?"

"Kidude hakibadilishi springi, ami. Kinaipa ukaidi wa mwanzo tu."

Muuza madafu, ambaye baiskeli yake ya chuma imebeba minazi ya nusu ya Kisauni, hakuinuka hata kuangalia. "Foki kazi yake kushika gurudumu. Ikianza kucheza, hiyo ni ngoma."

Na yule mzee wa kahawa, ambaye tangu nimjue sijamwona juu ya baiskeli, akamalizia: "Chumvi, mwanangu. Hapa bahari iko mlangoni. Usipoipangusa na kuitia grisi, chumvi itaila."

Wote nikawashukuru. Wote nikawapuuza.

Mamangu hupika mahamri na mbaazi za nazi, na Ijumaa ile alikuwa na oda ya nyumba ya harusi, Makadara. Siku zote ndoo huiweka kwenye keria nyuma, na siku zote hufika imepungua inchi mbili, keria inanuka bizari. Safari hii nikatumia akili. Springi iko mbele. Nyuma ni chuma kwa chuma. Basi mzigo ukae wapi? Ndoo ya lita kumi nikaitundika kwenye usukani, nikaifunika sahani, juu nikafunga leso. Niseme kweli, nilijiona mhandisi.

Na kwa muda nilikuwa mhandisi. Mashimo yale yale yaliyokuwa yakinitikisa meno nikayapita kama nimekalia godoro. Mbaazi zimetulia ndani ya ndoo, hazisemi.

Mbele nikaiona baraza. Wako wote, fundi keshavaa kanzu ya Ijumaa, nyeupe, imepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Kabla yao kuna tuta. Nikasema hapa ndipo watakapojua. Nikanyoosha mkono wa kushoto kuwapungia.

Mkono wa kushoto ndio wa breki ya nyuma. Hilo nililikumbuka pale paka alipokatiza.

Nikakamata breki moja niliyobaki nayo, ya mbele. Foki ikazama yote, kok! hadi mwisho, na mie na ndoo tukazama nayo. Gurudumu likalikuta tuta foki haina tena pa kubonyea. Halafu ikarudi. Si ile kurudi ya polepole, la, ilirudi kama alivyosema fundi, na tarehe moja ilikuwa imefika. Ndoo ikapaa, ikasimama hewani, ikafikiri, kisha mbaazi zikaendelea na safari bila ndoo.

Mie nilitua juu ya meza ya dhumna, kete zikaniingia ubavuni. Nilipofungua macho, kanzu ya fundi ilikuwa ya manjano kuanzia kifuani, na yeye mwenyewe amesimama mikono ameiachanisha na mwili, hataki kujigusa. Kijana wa kaptura alikuwa ananyoa mbaazi kwenye simu yake kwa kidole. Paka alikuwa amerudi, analamba tui. Foki nayo imezama, imekwama huko chini, baiskeli imeinama kama inaomba radhi. Pale nilipotaka isirudi ilirudi. Sasa naivuta kwa mikono miwili, haitaki.

Hakuna aliyenena. Mzee wa kahawa akachungulia kikombe chake, mbaazi tatu zinaelea. Akaichukua moja kwa kidole, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu.

"Hizi za mamako?"

"Ndiyo, ami."

"Mwambie chumvi imepungua."

Nyumbani niliingia nachechemea, ndoo tupu mkononi, leso begani. Mama nikamweleza yote, paka, tuta, breki, kanzu, harusi isiyo na mbaazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Goti langu lilikuwa linavuja damu kwenye mkeka wake.

"Nani," akasema, "aliyesema chumvi imepungua?"