Haiti, Chile na hesabu ya hasara za maafa

Januari 12, 2010, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti. Siku 46 baadaye Chile ikatikiswa na tetemeko la 8.8, ambalo nguvu yake ilikuwa kama mara 500 ya lile la kwanza. Chile ilipoteza watu 500 na ushei. Haiti, makadirio yanapishana sana, lakini hata yale ya chini kabisa yanahesabu makumi ya maelfu ya marehemu. Ukigeukia fedha, picha inapinduka: hasara ya Chile ilikadiriwa kufika dola bilioni 30, ya Haiti karibu bilioni 8.

Nani basi aliumia zaidi kiuchumi? Bilioni 8 za Haiti zilizidi kila kilichozalishwa nchini humo mwaka mzima wa 2009. Bilioni 30 za Chile hazikufika hata theluthi moja ya pato lake. Kwa hiyo mimi huzisoma kwa tahadhari orodha za maafa yaliyogharimu zaidi duniani. Zimejaa Japani na Marekani kwa sababu huko ndiko kuliko na mali nyingi ya kuharibika. Serikali ya Japani ilikadiria kwamba tetemeko na tsunami ya 2011 viliteketeza mali ya yen trilioni 16.9, ni fedha za kutisha, lakini kwa uchumi wa Japani ni asilimia tatu na kitu. Kisiwa cha Dominica kilipopigwa na kimbunga Maria mwaka 2017, hasara ilikuwa kama dola bilioni 1.3 tu, nayo ilipita mara mbili ya pato lake la mwaka.

Kuhusu chanzo cha tofauti hizi, wapo wanaosema ni umaskini, basi. Nchi yenye fedha hujenga imara, hukata bima, huweka akiba. Wengine wanajibu kwamba fedha bila usimamizi hazizuii kitu, na kwamba kinachookoa ni sheria inayofuatwa.

Hoja hii ya pili ina uzito, na ili kuuona inatosha kusogea karibu na nguzo moja ya zege. Ndani yake mna nondo ndefu za wima, na kuzizunguka mna pete za chuma nyembamba zinazozibana. Ardhi inapotikisika, pete ndizo zinazozuia nondo zisipinde kuelekea nje na zege lisimwagike. Zikipangwa mbalimbali, au ncha zake zisipokunjwa kuingia ndani ya nguzo, nguzo hupasuka na sakafu za juu hulala juu ya zile za chini. Pete za ziada ni sehemu ndogo ya gharama ya jengo zima. Lakini zege likishamwagwa hakuna anayeziona tena, kwa hiyo lazima awepo mkaguzi anayefika kabla, na awepo mtu wa kuwajibishwa baadaye. Chile, iliyoonja tetemeko la 9.5 mwaka 1960, ina sheria inayombana muuzaji wa kwanza wa jengo kwa kasoro za uimara wake kwa miaka 10. Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, ilijengwa bila usimamizi wa namna hiyo.

Hata hivyo, ulinganisho huu hutumiwa kuinyooshea Haiti kidole kuliko inavyostahili. Kitovu cha tetemeko lake kilikuwa kilomita 25 hivi kutoka mji mkuu, tena si kirefu ardhini. Cha Chile kilikuwa baharini, mbali na miji mikubwa. Na kumlipa mkaguzi mwaka hadi mwaka kunahitaji hazina yenye kitu. Hapo hoja ya umaskini inarudi kwa mlango wa nyuma.

Bangladesh huletwa kama ushahidi kwamba nchi maskini inaweza. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua laki tatu. Sidr, mwaka 2007, kiliua watu kama 3,400. Watu wa kujitolea waliopita wakitangaza tahadhari, pamoja na majengo ya kujihifadhi, ndivyo vilivyoleta mabadiliko hayo, na ni mafanikio ya kupigiwa mfano. Lakini Sidr bado kilisababisha hasara ya dola bilioni 1.7. Mtu akionywa hukimbia. Nyumba na shamba havikimbii. Wengi wanachanganya mambo haya mawili: kuokoa uhai kunawezekana kwa gharama nafuu, kuokoa mali ni kazi ya vizazi.

Utajiri nao una makosa yake. Thailand ilipopanuka kiviwanda, viwanda vilijengwa kwenye tambarare inayofurika kaskazini mwa Bangkok. Mafuriko ya 2011 yaliviingia, hasara ikapita dola bilioni 45, na bei za diski za kompyuta zikapanda dunia nzima.

Mimi naegemea upande wa sheria na usimamizi, ila kwa sharti moja: ukubwa wa nchi usisahauliwe. Kimbunga kinaweza kuifunika Dominica yote kwa usiku mmoja, pasibaki mkoa uliosalimika wa kuusaidia ulioharibika. Hata serikali bora kiasi gani haiwezi kupanua kisiwa. Hapo ndipo bima ya pamoja inapohitajika. Haiti ilikuwa mwanachama wa mfuko wa bima wa nchi za Karibi, ikalipwa dola milioni 7.75: senti kumi kwa kila dola mia iliyopotea. Chile ilikuwa na kampuni za bima zilizolipa mabilioni, pamoja na akiba ya serikali iliyotokana na shaba.

Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba tukihesabu jinsi maisha ya watu yanavyoathirika, badala ya mali peke yake, hasara za maafa ni kubwa kwa asilimia 60 kuliko zinavyoripotiwa. Naliamini hilo. Kwenye fomu ya tathmini, banda la familia maskini huandikwa kwa thamani ya mabati na mbao zake. Cherehani iliyokuwa ndani ina bei ndogo, pengine haiandikwi kabisa, ilhali ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba na ada ya shule. Mwezi unaofuata mtoto mkubwa anaacha masomo aende kutafuta kibarua, na fomu ilishafungwa zamani.