Utabiri wa Hewa Mombasa: Namba Moja kwa Mji Mzima Haitoshi

Wanaotaka Mombasa itabiriwe uchafuzi wa hewa kila siku, kama inavyotabiriwa mvua, wana hoja nzito. Chembe za moshi na vumbi zisizozidi kipenyo cha maikromita 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha juu cha chembe hizi hadi maikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Mwenye pumu akiarifiwa jioni kwamba hewa ya kesho ni mbaya, atahakikisha inhela yake ina dawa na atapanga upya saa za kutoka.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Makanga, muuza chai wa Magongo na mpakuzi wa mizigo hawana pa kukimbilia. Ukimwambia mtu hewa ni chafu na aliyeichafua hujamgusa, umemtwika mzigo usio wake.

Sisi tunaona utabiri unafaa, ila si huu unaopatikana kwenye simu. Mwingi wa huu hutoka kwenye mifumo ya dunia nzima. Ule wa Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuchunguza dunia, kwa mfano, huigawa dunia katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 40. Mraba mmoja hivyo ni kilomita za mraba 1,600, wakati nchi kavu ya Kaunti ya Mombasa ni kama 220 tu. Kipevu, Nyali na maji ya bahari kuu huweza kupewa namba moja.

Hewa ya Mombasa hubadilika kwa saa. Usiku bara hupoa upesi kuliko bahari, na umande, yaani upepo hafifu wa kutoka bara, huteremka kuelekea pwani. Hewa ya chini haichanganyiki na ya juu, basi moshi wa taka zilizochomwa jioni, wa majiko ya mkaa na wa dizeli ya matrela ya Changamwe na Miritini hubaki pale pale watu wanapovutia pumzi. Jua likishapanda, upepo wa bahari huingia na kuupeperusha. Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, huusukuma moshi wa Changamwe kuelekea Mikindani na Miritini. Kaskazi, ule utokao kaskazini, hugeuza mkondo. Hatari zaidi ni maleleji, pepo zinapobadilishana zamu na hewa kutulia.

Tufanye hesabu ya mfano. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi kipimo ni maikrogramu 60, na saa 21 zilizobaki ni 8. Wastani wa siku ni 14.5, chini ya kiwango cha Shirika la Afya. Taarifa itasema siku ilikuwa salama, na mtoto alitembea kwenda shule katika 60. Utabiri usiotaja saa na mtaa hauna msaada kwa mzazi huyo.

Vipimo navyo vina mitego yake. Vifaa vya bei nafuu humulika chembe kwa leza na kukadiria wingi wake kutokana na mwanga unaotawanyika. Unyevu ukipita asilimia 75 hivi, chembe za chumvi ya bahari hunyonya maji na kuvimba, na kifaa huhesabu maji kama uchafu. Alfajiri za Mombasa mara nyingi huwa na unyevu huo. Marekani walichapisha mwaka 2021 kanuni ya kusahihisha kifaa kimoja maarufu: zidisha usomaji kwa 0.524, toa asilimia ya unyevu mara 0.0862, kisha ongeza 5.75. Usomaji wa 40 katika unyevu wa asilimia 80 hushuka hadi karibu 20. Lakini kanuni hiyo ilitokana na hewa ya kwao. Ya hapa lazima ipatikane kwa kuweka vifaa kando ya mtambo wa kipimo rasmi, kupitia kusi, kaskazi na maleleji yote mawili. Kifaa kifungwe mbali na jiko la mama lishe, kisafishwe feni, na kikiwa na leza mbili na namba zake zikatofautiana sana, usomaji wa saa hiyo utupwe.

Je, tahadhari huokoa afya? Utafiti wa Toronto uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta tahadhari zilipunguza kwa takriban robo wagonjwa wa pumu waliokimbizwa hospitali, lakini kwa maradhi mengi mengine manufaa hayakuonekana wazi. Huko Wales, waliotumiwa ujumbe binafsi walilazwa zaidi kuliko wasiotumiwa. Huenda hofu ilichangia. Ndiyo maana ujumbe mtupu wa "hewa ni mbaya" hautoshi. Useme nani afanye nini: mwenye pumu atumie dawa yake ya kila siku kama alivyoandikiwa, shule ihamishie michezo baada ya saa tano.

Kuna pia kisichotabirika kwa chembe pekee. Wakazi wa Owino Uhuru, Mikindani, walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Namba ya vumbi isingewaambia kwamba ndani yake mna sumu hiyo. Hapo tiba ni ukaguzi wa kiwanda na kipimo cha damu za watoto.

Kabla ya kaunti kununua mfumo wowote, iupime dhidi ya kisio rahisi kabisa: kesho itakuwa kama leo. Ukishindwa na kisio hilo kwenye siku chafu, haufai kulipiwa. Ukilishinda, taarifa yake ya kwanza iende kwa wenye uwezo wa kuzuia: ikionekana kesho alfajiri upepo utalala, saa kumi jioni ya leo itoke amri ya kutochoma taka, na matrela yanayosubiri zamu ya kuingia bandarini yaambiwe yazime injini.