Kiatu Changu Kilivyozama Jangwani

Kikundi chetu cha mazoezi pale kazini kilikuwa na desturi ya kutembea kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na mwezi ule wa Aprili kupanga njia kuliniangukia mimi, kwa kuwa ndiye katibu, na katibu hufanya kila kazi ambayo mwenyekiti ameishaisifia kwa maneno. Nilipanga tuanzie Magomeni Mapipa, tushuke na Barabara ya Morogoro hadi Jangwani, tupande Fire, tuingie Kariakoo kunywa supu, kisha turudi kwa njia ileile. Matembezi hayo niliyapa jina la Msafara wa Jangwani, na kwa jinsi nilivyonogewa na utani wangu mwenyewe, nikatuma tangazo katika kundi letu la WhatsApp: kila mmoja avae kofia pana, abebe maji lita mbili, na asithubutu kuja na mwavuli, maana hakuna ngamia aliyewahi kuonekana na mwavuli.

Mhasibu wetu, mama wa makamo asiyependa hasara, aliuliza kama nilikuwa nimesikiliza redio kuhusu hali ya hewa. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba redio nilikuwa nimeisikiliza. Sikusema kwamba nilikuwa nimesikiliza taarabu.

Siku ilipofika tulikuwa watu 12, na anga lilikuwa la kigeugeu tangu alfajiri: manyunyu tulipokusanyika, jua kali tulipoanza kutembea, wingu zito kabla hatujafika mbali, kisha jua tena. Kila manyunyu yaliporudi, Mhasibu hakutazama juu; alinitazama mimi.

Kwa msomaji asiyelijua jiji letu la Dar es Salaam, Jangwani si jangwa hata kidogo. Ni bonde la Mto Msimbazi, mto unaoanzia kwenye vilima vya Pugu na kumwaga maji yake baharini pale Daraja la Salender, na masika yanapokolea barabara hufungwa na mabasi ya mwendokasi husitisha safari. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Sisi tukaenda huko kwa hiari, tena kwa mchango wa shilingi elfu tano kila mtu.

Tulipofika bondeni niliona njia ya mkato kando ya uwanja. Tope lilikuwa limekauka na kupasukapasuka kama chapati iliyosahauliwa jikoni, nami nikalikanyaga kwa madaha ya mtu anayeongoza msafara. Mguu wa kulia ulizama hadi gotini. Nilipouvuta ulitoka na soksi peke yake, kwa mlio ambao wenzangu waliuigiza mwezi mzima. Raba ilikuwa mpya, ya juzi yake. Nikapiga magoti, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikapapasa, nikagusa kitu laini cha mpira, nikapaza sauti kwamba nimeipata, na mbele ya umma nikaibua kandambili ya buluu, ya mguu wa kushoto, ambayo bila shaka ilikuwa imelala humo tangu masika mengine. Niliivaa mguu wa kulia. Ningefanyaje?

Supu ya Kariakoo ilikuwa nzuri na jua lilikuwa likiwaka, hata nikaanza kuwakumbusha wenzangu kuhusu tangazo langu la mwavuli. Tulipoteremka tena kutoka Fire tukakuta barabara haipo. Juu yetu hakukuwa na tone, lakini kumbe mvua ilikuwa imenyesha kwa nguvu huko juu Pugu, nayo maji ya Pugu hayana mahali pengine pa kupita. Yalikuwa yametanda barabarani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo ya pili, Magomeni, ndiko yalikokuwa magari yetu.

Vijana wa mikokoteni walikuwa wameshafungua biashara. Walitaka shilingi 2,000 kwa kichwa. Mhasibu akawateremsha hadi 1,000 bila hata kuinua sauti, na wakamsaidia kupanda kwa “shikamoo mama” nyingi. Kijana aliyekuwa akivuta mkokoteni wetu alinitazama kuanzia kofia pana hadi kandambili, akaushika mkoba wangu na kupima uzito wake.

“Mzee, humu umeweka nini?”

“Maji.”

Aliyageukia mafuriko, akanigeukia mimi. “Yamwage tu, mzee. Ukiyahitaji, nitakuchotea.”

Tulipofika katikati, maji yakiwa kwenye magoti ya yule kijana na jua likituchoma utosini, Mhasibu alifungua pochi yake akatoa mwavuli, akaukunjua, akaketi chini ya kivuli chake juu ya mkokoteni kama malkia wa Sheba. Mwenyekiti, ambaye ni shabiki wa kulia machozi wa Simba, timu ya Mtaa wa Msimbazi, alikuwa akiisubiri nafasi yake. “Katibu,” aliniambia, akijua fika kwamba mimi ni Yanga, timu ya Jangwani, tangu utotoni, “leo Msimbazi wamewafunga kwenu Jangwani.” Nilikosa jibu. Nilikuwa nimeishika kandambili kwa mikono miwili isichukuliwe na maji.

Jumatatu asubuhi nilikuta juu ya meza yangu karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa kihasibu ulionyooka: “Nauli ya ngamia, watu 12, shilingi 12,000. Ilipwe na Katibu.”