Majitaka ya Dar: asiye na bomba achangie?

Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, ila bomba la majitaka limewafikia wachache: katikati ya jiji, Kariakoo, Upanga na vipande vya maeneo mengine. Waliobaki wanategemea shimo au karo. Je, kila mwenye bili ya maji achangie mtandao huo, hata kama hajaunganishwa?

Wanaokataa wana hoja nzito. Aliyeunganishwa hulipia majitaka kulingana na maji aliyotumia, kwa bei iliyoidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Wahandisi hukadiria kwamba asilimia 80 ya maji hurudi bombani, yaani uniti 20 huzaa uniti 16 za majitaka. Mkazi wa Manzese hana huduma hiyo. Karo likijaa anakodi boza, na kama uchochoro ni mwembamba anaita vyura, vijana wanaoingia shimoni na ndoo. Kumtoza ili bomba la Upanga lizibuliwe ni kumlipisha mara mbili.

Lakini boza nalo linakwenda kumwaga kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka kama ya Vingunguti. Tope lisipotolewa, bwawa huwa kina kifupi na maji hutoka kabla hayajasafika. Gharama hiyo ni ya mji mzima.

Fedha nyingine inaliwa na uzibuaji. Funua chemba ya mtaa wenye migahawa: mafuta yameganda ukutani kama ukoko, chini mchanga, katikati pampasi. Masika yakianza, watu huelekeza maji ya paa humo humo. Bomba halikupimwa kwa mvua, hivyo kinyesi huibukia chooni kwa aliye bondeni. Huyo hana kosa lolote.

Mimi naunga mkono mchango, mradi uwe na akaunti yake na uanzie kwa wasio na bomba: sehemu za kumwaga zilizo karibu, maana boza hutoza umbali, kisha mabomba madogo ya vichochoroni. Bomba la inchi 4 la nyumba moja huhitaji kushuka sentimita 1 kila sentimita 60 hivi. Nyumba nyingi zikichangia bomba moja, mita 1 kwa mita 200 hutosha, na mtaro wa sentimita 40 unafaa pasipopita magari. Hapo ndipo gharama ya kuunganisha inapaswa kulipwa kwanza na akaunti hiyo, kisha mwenye nyumba airudishe kidogo kidogo kwenye bili. Zikiunganishwa nyumba tatu tu, au kama mtaa bado unanunua maji kwa ndoo, uchafu utalala njiani kwa kukosa maji ya kuusukuma.