Tanki Dogo Ni la Kamba, Samaki Ni Mgeni

"Baba Asha, wale wadudu wako wekundu wamehama?"

Mke wangu aliniuliza hivyo asubuhi ya siku ya tatu, ameinama mbele ya tanki letu la lita 40 pale sebuleni, Ipagala, Dodoma. Hawakuhama. Nilikuwa nimewatoa Dar kwa treni ya SGR, kamba 10 wadogo wa maji baridi, mfuko wa nailoni mapajani safari nzima kama mtu aliyebeba mayai. Nilipofika nikawatia kwa samaki malaika wawili. Muuzaji alikuwa ameniapia: "Hawa wapole, kaka, hata hawagusani." Upole wa samaki hupimwa kwa upana wa mdomo wake. Malaika wangu walikuwa wamenenepa.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wenzangu wa samaki wa mapambo hawaupendi: kwenye tanki dogo, kamba ndiye mwenye nyumba. Aingie kwanza, azaliane, ndipo tuulizane samaki gani wa kumkaribisha. Sisi tunanunua samaki kwanza, halafu tunatupia kamba kama kibarua wa kufagia ukungu wa kijani kwenye kioo.

Kuna wanaoniambia mbona ziwani wanaishi pamoja. Kweli. Ziwa Victoria lina uduvi wake, Caridina nilotica, na baada ya furu, samaki wadogo waliokuwa wakiliwa na sangara, kupungua miaka ya 1980, sangara wachanga walimgeuza chakula chao kikuu. Uduvi hakwisha. Lakini yeye huvumilia maji yenye oksijeni kidogo, sehemu ambazo sangara hamfuati, kwa hiyo ana pa kukimbilia. Kwenye lita 40 atakimbilia wapi?

Pa kukimbilia unapaotesha wewe. Mimi nilijaza kuvumwani cha majini (moss) nusu ya tanki, kikashonana kama kichaka cha mtoni, nikakaa wiki sita bila samaki hata mmoja. Kamba wekundu hawa, Neocaridina davidi, jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki tatu au nne, na vitoto hutoka vikiwa na umbo la mama yao, urefu wa milimita mbili hivi. Hata gapi, samaki mdogo asiyemuweza kamba mkubwa, huvimeza hivyo bila kutafuna. Ndiyo maana nimekubali gapi watano tu, tena madume watupu. Ukichanganya na majike, baada ya miezi michache wageni wameshakuwa wengi kuliko wenyeji.

Sasa maji yetu. Mtu wa Dodoma hahitaji kipimo, aangalie birika lake lilivyoota magamba meupe ndani. Maji ya visima vya Mzakwe yana madini mengi, na kwa kamba huyu hilo si baya, maana anahitaji kalsiamu ya kutengeneza gamba jipya kila anapojivua. (Ukikuta gamba tupu chini, usilie, hajafa. Liache, atalila.) Shida inakuja kiangazi. Upepo wa hapa mnaujua. Tanki langu hupungua vidole viwili kwa wiki, na kinachopaa ni maji peke yake, chumvi inabaki. Ukijazia ya bomba, umeongeza chumvi juu ya chumvi, mwezi baada ya mwezi, mpaka kamba wanaanza kufia kwenye kujivua na wewe unalaumu chakula. Mimi hukinga mvua ya Januari na Februari kwenye madumu, baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo, na hiyo ndiyo ya kujazia kilichopaa. Usijaze tanki zima kwa maji ya mvua, karibu hayana madini kabisa.

Dawa za samaki zenye shaba sitaki hata kuziona, maana shaba huua kamba. Dawa ya mbu ya kupuliza ndiyo ilinigombanisha na mke wangu, kwa sababu usiku mmoja tu sebuleni iliniulia kamba wengi huku gapi wakiogelea kama hakuna kilichotokea. Tukasuluhishwa na wavu wa dirishani.

Juzi shemeji kaniletea zawadi, samaki wa dhahabu mkubwa kama kiganja. Nimemshukuru sana. Yuko kwenye ndoo barazani, anasubiri tanki lake.