Njiti hahitaji sweta

Baridi ya Njombe huanza kuuma mwezi Juni, na ikifika Julai anayetoka Dar anashuka kwenye basi amejikunyata, mikono kwapani. Ni miezi hiyo hiyo ambapo misaada ya nguo za joto hupanda huku kwetu: magunia ya masweta, mabegi ya kofia, soksi za kila rangi, na mpiga picha. Sina ugomvi na wanaotoa. Mimi mwenyewe nafuma, na nimo katika kikundi cha akina mama ambacho hutoa kila mwaka. Ugomvi wangu ni na utaratibu wetu wa kuchagua kwanza kile tunachopenda kufuma, halafu ndiyo tunaanza kumtafuta wa kumvisha.

Chukua wodi ya watoto njiti. Hakuna mfumaji asiyeipenda. Kisweta cha ukubwa wa kiganja hakili uzi mwingi, kinakwisha haraka, na kikipigwa picha kila mtu anasema "jamani". Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hasa yule wa kilo moja na nusu au pungufu, siku hizi analazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi basi. Juu yake mama anafungwa kitenge ili mtoto asiteleze. Ndiyo huduma ya kangaroo. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Kwa muda mrefu ilionekana ni njia ya hospitali maskini. Kisha mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania (kwetu ilikuwa Muhimbili). Kati ya watoto waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza hali itulie, 12 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 28. Kwa wale waliosubirishwa, ilikuwa karibu 16. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza njiti akumbatiwe hivyo kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku.

Sasa chomeka sweta hapo katikati. Joto la mtoto linatoka kwenye ngozi ya mama, na wewe umeweka ukuta wa uzi kati yao, hata kama una vifungo vya umbo la sungura.

Muuguzi mmoja alituambia bila kuzunguka. "Mama, mkileta masweta nitayapokea, zawadi haikataliwi. Yatakaa kabatini mpaka mtoto aruhusiwe. Nileteeni kofia." Kichwa cha njiti ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na joto jingi linapotelea hapo. Mwenzetu mmoja akamuuliza, "Sista, na rangi je?" Akajibu, "Yoyote isiyochuja. Na ivumilie jiki."

Neno hilo la jiki lilinipasua kichwa, maana mimi ni mtu wa rangi. Natia rangi sufu kwa mikono yangu, nyumbani, na ukiniuliza nitakwambia sifumi kwa ajili ya kufuma, nafuma ili nipate kisingizio cha kutia rangi. Jiki inaila sufu, haiifanyi kuwa nyeupe tu. Ukiacha uzi wa sufu kwenye jiki kali, baada ya muda utaukuta umelainika, unakatika, mwisho unayeyuka. Na nguo ya wodini hufuliwa kwa nguvu, kwa maji ya moto, pamoja na mashuka. Kwa hiyo sufu yangu nzuri ya rangi ya zabibu haina kazi kule. Kofia ya njiti iwe ya pamba laini, rangi ya kiwandani au isiyo na rangi kabisa. Soksi vivyo hivyo, bila tepe ya kufungia kifundoni, na ndani yake pasibaki uzi mrefu unaoning'inia. Uzi huo ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unazuia damu, na kwa kuwa kidole kimo ndani ya soksi hakuna anayeona mpaka mtoto alie sana. Geuza soksi nje ndani kabla hujaitoa, uikague. Hii si hiari.

Najua Novemba 17 inakuja kila mwaka, Siku ya Watoto Njiti Duniani, na alama yake ni soksi: jozi moja ndogo ya zambarau imetundikwa kwenye kamba katikati ya soksi 9 kubwa za watoto waliotimiza miezi, kwa sababu mtoto mmoja katika kila 10 huzaliwa njiti. Ni alama nzuri, na nimeshaombwa kuitengeneza. Lakini ile ni ya kutundikwa. Wengi hukimbilia kuchemsha rozela ili wapate zambarau, na kweli inatoka nzuri ya kupendeza, kisha ukiifua kwa sabuni inageuka kijivu. Kwa kamba ya siku moja hakuna neno. Mguuni mwa mtoto, hapana.

Wapo wanaosema tuache ufumaji kabisa. Mtumba upo, buku linakupa soksi, kuna haja gani mtu mzima kukaa wiki nzima akihesabu vitanzi? Kwa soksi za mtu mzima au mtoto wa shule, hoja hiyo nashindwa kuipinga kwa bei. Lakini nenda kwenye rundo la mtumba utafute kofia ya mtoto wa kilo moja na robo. Kwenye bale za watoto utakuta za miezi mitatu, sita, tisa. Za njiti huzioni, na madukani nazo ni adimu. Hapo ndipo mkono wa mfumaji una thamani ambayo fedha kidogo haiwezi kuinunua. Tufume vile vidogo ambavyo sokoni havipo.

Vile vikubwa, hasa masweta ya shule, tuwaachie mafundi. Hili linawaudhi wenzangu, nalisema tena. Makete kuna baridi kali kuliko ya hapa mjini, na wako watoto wengi wanaolelewa na bibi zao. Kuwafumia masweta ni jambo linalomjia kila mtu mwenye huruma. Lakini shule ina rangi yake. Mtoto akienda na sweta la mistari ya machungwa na bluu ya bahari, hata liwe zuri namna gani, mwalimu wa zamu atamwambia alivue getini. Atatetemeka darasani huku sweta likiwa kwenye begi. Wakati huo huo mjini kuna mafundi wenye mashine za kufumia, wanajua kijani cha shule ipi na damu ya mzee ya shule ipi, na wanatoa sweta kwa muda ambao mimi bado naanzisha mkono wa kushoto. Chukua fedha ambazo ungenunulia uzi na kusafirishia magunia, wape wao oda. Mtoto anapata sweta linalokubalika shuleni, na fundi anapata ada ya mwanaye. Huko Njoro nchini Kenya akina mama wanalipwa kwa kusokota, kutia rangi za mimea na kufuma, na sijasikia mtu akisema kazi yao ina upendo mdogo kwa kuwa ina malipo.

Kuuliza kwanza si jambo geni katika kazi hii. Mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza, Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, alimpelekea Malkia Mary ombi lenye hesabu: mikanda ya sufu ya kiunoni 300,000 na soksi jozi 300,000 kwa ajili ya askari. Hakuomba "chochote mtakachojaliwa". Miguu iliyokaa kwenye maji ya mahandaki ilikuwa inaoza, na askari alihitaji soksi kavu ya kubadilisha. Upande wa pili wa jambo hilo ni Phillip Island, Australia, ambako pengwini waliochafuka mafuta ya meli huvikwa visweta ili wasimeze sumu wanapojisafisha kwa mdomo. Dunia ilisikia, dunia ikafuma, visweta vikazidi pengwini kwa mbali, na vya ziada wakaanza kuvivika midoli ya pengwini na kuiuza kuchangia uokoaji. Mwisho mwema, sikatai. Ila pengwini wa mdoli hasikii baridi.

Basi rangi yangu niipeleke wapi? Kwa wazee.

Mzee wa huku jioni anakaa na miguu kwenye sakafu ya saruji. Baridi inampanda kutokea chini. Kila msimu tunasikia habari za watu walioingiza jiko la mkaa ndani, wakafunga madirisha, wakalala moja kwa moja. Soksi peke yake haiondoi hatari hiyo, lakini mtu ambaye miguu yake ina joto hana haraka ya kuvuta jiko chumbani. Na mzee anachagua. Mpelekee bibi soksi ya kijivu atakushukuru kwa adabu. Mpelekee nyekundu uone. Hapo rangi haiko kwa ajili ya picha yangu. Anayeitaka ni yeye, na anaifua mwenyewe au anafuliwa na mjukuu, kwa sabuni ya mche na maji ya baridi, hakuna jiki.

Sufu yenyewe naipata mtumbani. Kondoo wetu wengi ni wa manyoya mafupi, hawatoi uzi, na uzi mwingi wa madukani ni akriliki, ambayo haishiki rangi za jikoni hata uichemshe hadi kesho. Kwa hiyo natafuta masweta ya Ulaya, meupe au ya kijivu kilichopauka, yenye tundu kiwikoni ili bei ishuke. Chomoa kiuzi kimoja, kichome kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika kidoleni. Akriliki huyeyuka na kuwa kidonge kigumu cheusi. Kisha tazama mshono wa ubavuni. Ukiwa umeunganishwa kwa mnyororo, ukiipata ncha yake unafunguka wote kwa mvuto mmoja. Ukiwa umekatwa na kupigwa ovaloki, liache hapo hapo, utaambulia vipande vifupi. Uzi uliofumuliwa unatoka na mawimbi kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usikorogane, uloweke, uutundike na kitu kizito chini. Utanyooka.

Wenzangu waliojifunza batiki hutaka kutumia kostiki soda. Kwa pamba sawa. Sufu itakwisha sufuriani mbele ya macho yako. Sufu inataka tindikali: siki ya kawaida na rangi ya chakula, ile ya unga. Loweka uzi kwenye maji ya uvuguvugu hadi ulowe kabisa, koroga rangi na siki sufuriani, ingiza uzi, pasha polepole mpaka mvuke uanze, na usiache yachemke wala usiukoroge ovyo, maana sufu ikishtuliwa na joto na kusuguliwa hushikana na kusinyaa. Halafu subiri. Maji yaliyokuwa mekundu yanaanza kupauka. Unainua uzi kwa mwiko, unachungulia, yamebaki ya waridi. Baadaye ni meupe kabisa, rangi yote imehamia kwenye uzi. Nimewaonyesha watoto wa mtaani kwetu na wanadhani ni mazingaombwe. Uache upoe humo humo. Ukipenda kahawia ya dhahabu, chemsha maganda ya vitunguu maji, lakini uzi uwe umepikwa kwanza kwenye maji ya shabu, ile ya kusafishia maji, ndiyo inayoshika rangi.

Kufuma ni sindano tano na uvumilivu wa kisigino. Kisigino ndicho kinachotoboka kwanza, kwa hiyo hapo naunganisha sufu na uzi wa cherehani wa poliesta na kufuma vyote pamoja. Juu kusibane, kwani wazee wengi miguu inavimba. Na kama sakafu ni ya kung'arishwa, afadhali asitembee na soksi bila kandambili.

Kikundi chetu bado hakijakubaliana nami. Mweka hazina anasema wafadhili wanapenda kuona masweta, na kofia nyeupe za pamba hazionekani kwenye picha. Ana hoja, kwa sababu fedha za uzi zinatoka kwa hao hao. Katibu naye anataka tuendelee na yote, "kila mtu afume anachoweza". Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Nimeshafuma kofia tatu za mfano, kubwa yao inaingia kwenye chungwa, na nimemwomba yule muuguzi aje azungumze mwenyewe.