Azulejo ikitoka ukutani, inabaki nini?

Mwaka 2013 Ureno ilipeleka feri kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Ni Trafaria Praia, chombo kikuukuu kilichokuwa kikivusha abiria mto Tejo, Lisbon, ambacho msanii Joana Vasconcelos alikivalisha azulejo, yaani vigae vya Kireno vilivyochorwa, vya bluu na nyeupe kutoka kiwanda cha Viúva Lamego kilichoanzishwa 1849. Mchoro wake ni Lisbon ya leo, kwa kuitikia paneli ya vigae ya mita 23 hivi iliyochorwa karibu na mwaka 1700, inayoonyesha jiji hilo kabla ya tetemeko la 1755. Ukiipenda, utaona urithi unaotembea. Usipoipenda, utaona tangazo la utalii linaloelea.

Wasioipenda wana hoja. Azulejo, wanasema, si bluu na nyeupe tu, ni ufundi. Kigae cha sentimita 14 hivi kila upande huchomwa, kikapakwa tabaka jeupe lenye bati, kisha mchoraji hupitisha brashi ya kobalti kabla hakijarudi tanurini. Tabaka hilo bado ni kama unga mkavu, hunyonya rangi papo hapo, na ukikosea hakuna kufuta. Tena kobalti mbichi haina bluu tunayoijua, maana bluu huzaliwa motoni. Mchoraji anafanya kazi kwa rangi asiyoiona.

Kwa kipimo hicho msanii Adriana Varejão wa Brazili hapiti hata mlangoni. "Vigae" vyake vingi ni plasta na rangi ya mafuta juu ya turubai, na nyufa zake hutokea plasta nene inapokauka. Katika baadhi ya kazi uso wa kigae umepasuliwa, na ndani yake inafumuka nyama mbichi, nyekundu. Ni bandia, sawa. Lakini makanisa na nyumba za watawa za Brazili zilipambwa kwa vigae vilivyoletwa kwa meli kutoka Ureno, enzi ambazo utajiri wa koloni ulitoka migongoni mwa watumwa. Anachosema Varejão ni kwamba uso ule safi ulifunika kitu, na kwangu hoja hiyo ina uzito kuliko swali la tanuri.

Hata hivyo, usafi wa asili haukuwapo kamwe. Mfalme Manuel I wa Ureno alijaza kasri la Sintra vigae vilivyotengenezwa Seville, Hispania, kwa mtindo wa Waislamu wa Andalusia. Bluu na nyeupe ilikuja baadaye, kwa kuvutiwa na porselini ya Kichina na vigae vya Waholanzi. (Porselini ya China ilitamba kwingi, pwani yetu iliipachika kwenye nguzo za makaburi, Mambrui na Kunduchi.)

Ninapokubaliana na wahafidhina ni kwenye ukuta. Kituo cha treni cha São Bento, Porto, kina vigae 20,000 hivi vya mchoraji Jorge Colaço, na kila mwenye tiketi ya asubuhi anavipita bure. Msanii Maria Keil alifanya jambo hilohilo chini ya ardhi, treni za Lisbon zilipozinduliwa 1959. Wakati huo vigae vilidharauliwa na wengi katika usanifu wa kisasa; yeye akavitandaza vituoni kwa maumbo ya kijiometria, bila malaika wala mashua. Mwaka 1993, kituoni Campo Grande, msanii Eduardo Nery alichukua watu wa mapokezi waliochorwa kwenye vigae vya karne ya 18, wale wanaoinama kwenye ngazi za makasri, akawakatakata na kuwapanga upya, kichwa huku, soksi kule. Huo ni utundu, lakini bado ni vigae, na bado ni vya abiria.

Kinachouma ni kwamba baadhi ya paneli za Keil ziliangamizwa vituo vilipopanuliwa. Huku mitaani wezi walibandua vya kale na kuviuza kimoja kimoja, hadi polisi wakaanzisha mradi wa kuvilinda, SOS Azulejo, mwaka 2007, na sheria ya 2017 ikazuia kubomoa kuta za nje zenye vigae bila sababu ya msingi. Kigae kimoja kilichong'olewa kwenye paneli ni kipande cha mkono wa mtakatifu. Hakina maana sebuleni, na kimeacha shimo nyuma yake.

Sheria hiyo, lakini, inalinda kilichokwisha kubandikwa. Haimwagizi mwenye jengo jipya aweke hata kigae kimoja. Wachoraji wa viwandani wanahitaji oda mpya, na baadhi ya oda kubwa zinatoka kwa wasanii kama Vasconcelos, wale wale wanaolaumiwa.